Mdalasini hauyeyushi kitambi, Mhariri naomba tuambizane ukweli

Mhariri,

Salamu kwako na kwa timu nzima ya gazeti. Naandika kuhusu ile makala ya ukurasa wenu wa afya iliyosema mdalasini unayeyusha mafuta ya tumboni, kwamba mtu achanganye kijiko cha unga wake na kijiko kikubwa cha asali kwenye maji ya moto, anywe asubuhi kabla hajala kitu na arudie usiku akienda kulala. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi na ukurasa wa afya ndo naanzaga nao kabla ya michezo na kabla ya siasa, kwahiyo siandiki kwa chuki. Naandika kwasababu ile makala imesambaa sana, watu wameipiga picha wameirusha kwenye magrupu ya WhatsApp, na sasa hivi kila ninayeongea naye habari za uzito ananijibu mdalasini, na katika hao wapo wagonjwa wa kisukari wenye dawa za kunywa kila siku ya Mungu. Hapo ndo roho inaniuma.

Niseme mapema ili nieleweke, mdalasini naupenda na nautumia, na naamini kabisa una nafasi yake kwa mtu anayetaka kupungua. Ila nafasi hiyo sio ile mliyoiandika. Mdalasini hauchomi mafuta ya mtu. Unachoweza kufanya ni kukusaidia kuiacha sukari, na hiyo peke yake ni kazi kubwa, sema haivutii macho kama kichwa cha habari kinachosema kitambi kinayeyuka.

Tuanze na habari yenyewe ilikotoka, manake haikuzuka hewani. Mwaka 2003 jarida la Diabetes Care lilichapisha utafiti uliofanyika Pakistan, watu 60 wenye kisukari aina ya pili, wakagawanywa makundi, wapo waliopewa gramu 1 ya mdalasini kwa siku, wapo waliopewa 3, wapo waliopewa 6, na makundi mengine matatu wakapewa vidonge visivyo na dawa yoyote ndani, yote hayo kwa siku 40. Waliokula mdalasini sukari yao ya asubuhi kabla ya kula ikashuka kati ya asilimia 18 na 29, mafuta mabaya kwenye damu nayo yakashuka. Ukisoma hivyo tu unasema haya basi, dawa imepatikana. Lakini ni watu 60 mhariri, wamegawanywa makundi 6, na kilichopimwa pale ni damu, sio mzani. Baadae wengine wakajaribu kwenye nchi nyingine, kuna waliopata matokeo yanayofanana kidogo na kuna ambao hawakuona kitu, na mwaka 2012 shirika la Cochrane ambalo kazi yake ni kukusanya tafiti na kuzipima kwa pamoja likachukua tafiti 10 zenye watu 577 likasema ushahidi hautoshi kumwambia mgonjwa wa kisukari atumie mdalasini kama tiba. Hiyo 2012 kwenye makala yenu haikutajwa, ilitajwa ile ya 2003 tu, tena bila kusema walikuwa watu wangapi.

Hili la kuchoma mafuta nalo najua lilipotokea. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan kule Marekani walichukua seli za mafuta, za panya na za binadamu, wakazimwagia sinamaldehaidi, hiyo ndo kemikali inayoupa mdalasini harufu na ule ukali wake, na wakaona seli zile zinaanza kutumia nishati kutengeneza joto. Kazi nzuri sana ya kisayansi, sina neno nayo. Lakini seli zilikuwa maabara kwenye kisahani, kemikali inazigusa moja kwa moja. Wewe ukinywa mdalasini unapita tumboni, unapita kwenye utumbo, unafika kwenye ini na ini linaivunjavunja ile kemikali kabla haijafika huko kiunoni kwenye mafuta unayotaka yaondoke. Watafiti wenyewe walisema bado inabidi ipimwe kwa watu ijulikane kiasi kinachofaa kisicho na madhara. Vichwa vya habari duniani vikaandika mdalasini unachoma mafuta, na nyie mkafata.

Halafu kuna lile la kwamba unashibisha. Hili nalo lina chanzo, Sweden mwaka 2007 watu 14 wenye afya zao walikula chakula cha wali na maziwa kilichotiwa gramu 6 za mdalasini, tumbo likachelewa kidogo kumwaga chakula na sukari ya damu baada ya kula ikapanda polepole zaidi. Ila walipoulizwa kuhusu shibe, tofauti haikuwepo ya maana. Na wale wale watafiti walipokuja kujaribu kwa gramu 1 na gramu 3, hata huko kuchelewa kwa tumbo hakukuonekana. Sasa gramu 6 ni vijiko viwili vya chai na zaidi vya unga kwenye mlo mmoja, nani anakula hivyo.

Haya, uzito wenyewe je? Mwaka 2020 kuna watafiti walikusanya tafiti zilizopima uzito hasa, wakajumlisha, wakapata kwamba waliotumia mdalasini walipungua kwa wastani wa kama kilo 1 kuliko ambao hawakutumia. Kilo 1. Sisemi ni bure, kwa mtu anayehangaika hata kilo 1 ni kilo, ila weka hiyo kilo 1 pembeni ya kile kichwa cha habari chenu uone umbali uliopo. Kilo 1 ndo ile ile mtu anaipata au kuipoteza kwa wiki moja ya chumvi nyingi na maji.

Sasa hapa nataka tuhesabu pamoja, manake hesabu hii ndo ilitakiwa kuwepo kwenye makala. Kijiko kikubwa kimoja cha asali ni kama gramu 21, kina kalori 64 hivi na sukari kama gramu 17. Nyie mmesema asubuhi kimoja na usiku kimoja. Hiyo ni kalori 128 na gramu 34 za sukari kwa siku, zimeongezwa juu ya vile mtu alivyokuwa anakula tangu mwanzo, kwa jina la dayeti! Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa mwaka 2015 linasema sukari ya kuongeza, na asali imo humo humo ndani, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ingependeza zaidi iwe chini ya asilimia 5 ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 25. Kwahiyo mtu akifata maelekezo yenu kwa uaminifu, kabla hajagusa soda, kabla hajaweka sukari kwenye chai, ameshapita hiyo gramu 25. Asali sio mbaya, ni tamu na ni ya asili, lakini mwili ukifika kwenye hesabu ya uzito hauulizi nyuki alihangaika kiasi gani, unaona sukari.

Geuza sasa hesabu upande wa pili. Chukua mtu wa kawaida anayekunywa chai vikombe vinne kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu vya sukari, wapo wengi tu na hawajioni kama wanakula sukari nyingi kwasababu hawali keki wala pipi. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kikiwa flati ni kama gramu 4, kalori 16. Vijiko 12 ni gramu 48, kalori 192 kwa siku, kwenye chai peke yake. Huyu mtu akichemsha chai yake na kijiti cha mdalasini, akaacha kichemke taratibu mpaka rangi ibadilike na ile harufu ijae jikoni, atakuta ule mdalasini una utamu fulani wa pembeni, sio sukari lakini ulimi unadanganyika kidogo, na vile vijiko vitatu vinaweza kuwa viwili bila ugomvi mkubwa, baada ya muda kimoja, na wapo wanaofika sifuri. Mtu akishuka kutoka vijiko 12 kwa siku mpaka vinne, amepunguza kalori 128 kila siku na gramu 32 za sukari, na hajalala njaa hata siku moja. Hapo ndo mdalasini umefanya kazi. Haujachoma kitu, umekaa mahali pa sukari. Hivyo hivyo kwenye uji, kwenye maziwa ya mgando yasiyo na sukari, kwenye matunda yaliyochemshwa, popote ambapo mkono ulikuwa unaenda kwenye kopo la sukari bila kufikiri.

Na ushushe polepole, kijiko nusu nusu, manake ulimi unazoea. Anayekata sukari yote kwa siku moja kwa hasira anarudi mwisho wa wiki na vijiko vinne. Hili mngeliandika lingesaidia watu wengi sana.

Nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu hasa, maana hayo ya juu ukikosea unapoteza muda na asali yako, hili ukikosea unaumia.

Mdalasini sio kitu kimoja. Upo mdalasini wa Ceylon, mti wake asili yake Sri Lanka, na upo wa kasia ambao unatoka zaidi Indonesia, China na Vietnam, na huu wa kasia ndo umejaa sokoni duniani kwasababu ni rahisi kuupata na bei yake iko chini. Ukiwa kwenye vijiti unaweza kuutofautisha kwa macho, huhitaji maabara. Chukua kijiti ukitazame kwa mbele pale kilipokatwa. Wa Ceylon una matabaka mengi membamba kama karatasi yamejikunja moja ndani ya jingine, rangi yake ni kahawia iliyopauka, ukiubana kwa vidole unavunjika vunjika kirahisi na harufu yake ni ya upole. Wa kasia ni ganda moja nene, gumu, limejikunja kutoka pande mbili likakutana katikati likaacha uwazi, rangi imekolea inaelekea wekundu, ukijaribu kuuvunja unaweza kuumiza kidole, na ukiuonja unawasha. Ukishasagwa basi, kwa macho hutofautishi tena, na wengi wetu tunanunua uliosagwa.

Tofauti inayonihangaisha ni kemikali inayoitwa kumarini. Ipo kwenye kasia kwa wingi na kwenye Ceylon ipo kidogo mno, karibu na hakuna. Kumarini ikizidi mwilini kwa muda mrefu, kwa baadhi ya watu inaumiza ini. Marekani walishapiga marufuku kuongeza kumarini kwenye chakula tangu mwaka 1954. Ulaya, mamlaka yao ya usalama wa chakula iliweka kiwango ambacho mtu anaweza kukipata kila siku maisha yake yote bila shida, miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kwahiyo mtu wa kilo 60 kiwango chake ni miligramu 6 kwa siku. Sasa taasisi ya Ujerumani inayoshughulika na hatari za vyakula, ile BfR, ilipiga hesabu kwamba kasia ya kawaida ina kumarini kama miligramu 3 kwenye kila gramu, maana yake mtu wa kilo 60 anafika kiwango chake kwa gramu 2 tu za unga. Na mtoto mdogo wa kilo 15 anafika kwa nusu gramu.

Kijiko kimoja cha chai cha unga wa mdalasini kikiwa flati kina kama gramu 2.6. Nyie mliandika kijiko, hamkusema kijiko gani, hamkusema kimejaa au flati, mkasema asubuhi na usiku. Tuchukue vijiko viwili vya chai flati, hiyo ni gramu 5.2, kumarini karibu miligramu 15 au 16 kwa mtu ambaye kiwango chake ni 6. Mara mbili na nusu na zaidi. Na wapo waliosoma kijiko wakaelewa kile cha kulia chakula! Ni kweli kwamba ile mamlaka ya Ulaya ilisema pia ukizidisha mpaka mara tatu kwa wiki moja au mbili sio jambo la kutisha, na watu wengi hata wakizidisha ini lao linastahimili, sitaki mtu aliyekula keki ya mdalasini jana akimbilie hospitali. Ila makala yenu ilisema mtu aendelee mpaka afikie uzito anaoutaka. Anayetaka kupungua kilo 15 ataendelea miezi mingapi? Na tayari tumeona kilo zenyewe haziji, kwahiyo ataongeza dozi.

Anayepika na mdalasini, kijiti kimoja kwenye sufuria la familia kisha anakitoa, huyo hana shida yoyote, sehemu kubwa ya ganda anaitupa. Tatizo linaanza pale kiungo kinapogeuzwa dawa, unga unamezwa wote kwa vijiko kila siku, au mtu ananunua vidonge vya mdalasini ambavyo kila kimoja kimebana unga, na kwenye chupa hakuna neno hata moja kuhusu aina. Kuna kisa kilichoandikwa na madaktari Marekani mwaka 2015, mama mmoja wa zaidi ya miaka 70 alikuwa anatumia statini, zile dawa za kushusha kolesteroli, akaanza na vidonge vya mdalasini, na siku chache tu baadae akafika hospitali na maumivu ya tumbo na kutapika, vipimo vya ini vimepanda. Wakamsimamishia vyote viwili, akapona, na baadae akarudishiwa statini bila tatizo. Ni kisa kimoja, ila kinaonyesha jinsi vitu viwili vinavyoelemea ini vinavyoweza kukutana kwa mtu mmoja, na wanaotafuta kupungua mara nyingi ndo hao hao wenye kolesteroli, presha na sukari, wana dawa zao mezani tayari.

Dada yangu mkubwa ni mmoja wao. Ana kisukari aina ya pili, anatumia vidonge, na alikuwa anakwenda vizuri. Ujumbe wa mdalasini ulipomfikia akanunua unga, akauweka kwenye chupa ya kioo juu ya friji pembeni ya dawa zake, na kila asubuhi anakoroga kijiko kwenye maji ya moto. Niliwahi kumkuta anafanya hivyo. Ule unga hauyeyuki, nusu unaelea juu nusu unashuka chini, na maji yakikaa kidogo yanakuwa na utelezi, anafumba macho anameza kwa mkupuo mmoja halafu anafuta midomo. Nikamuuliza dada na vidonge umeshakunywa, akaniambia mdogo wangu vile navipunguza, nimeona nakunywa siku moja naacha moja, hii ya asili ndo inafanya kazi na haina madhara kama hizo kemikali. Sikubishana naye pale, ni dada yangu mkubwa, nikamuomba tu aende apime. Alipopima sukari ilikuwa imepanda vibaya. Daktari alimpokea kwa heshima, hakumgombeza, akamwambia mama mdalasini weka kwenye chai kama unaupenda, lakini vidonge virudi kama vilivyoandikwa leo leo. Amerudi kwenye vidonge na sukari imetulia. Huyu ana ndugu wa kumuuliza maswali asubuhi, je ambaye anaishi peke yake?

Na upande wa pili wa shilingi kwa wagonjwa wa kisukari upo. Anayetumia insulini au dawa kama glibenklamaidi ambazo zenyewe zinaweza kushusha sukari mpaka chini kabisa, akijibandikia na dozi kubwa ya mdalasini huku anafunga kula ili apungue, anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kuchanganyikiwa, na asijue ni nini. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarini naye asianze dozi yoyote ya namna hii bila kumwambia daktari wake. Wajawazito hivyo hivyo. Wenye matatizo ya ini ndo kabisa. Makala nzima ya kurasa mbili haikuwa na sentensi moja ya kuwataja hawa watu.

Kuna na hili la risasi, yaani madini ya risasi, ambalo limejitokeza miaka ya karibuni. Mwaka 2023 kule Marekani mamia ya watoto walikutwa au walidhaniwa kuwa na risasi kwenye damu baada ya kula matunda yaliyosagwa yenye mdalasini yanayouzwa kwenye vipakiti, na ilipofuatiliwa ikaonekana ni ule unga wa mdalasini ndo uliokuwa na risasi, na pamoja nayo kromiamu, yaani dalili ya rangi ya viwandani iliyochanganywa humo. Mwezi Machi 2024 mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, ikaanza kutoa tahadhari kuhusu unga wa mdalasini wa kampuni mbalimbali uliokutwa na risasi. Risasi haina kiwango salama kwa mtoto, inagusa ubongo, na haionekani wala haina ladha ya kukushtua kwenye kijiko. Anayeweka chembe kwenye chakula anapata kidogo sana hata kama unga ni mchafu, anayemeza vijiko kila siku anajilundikia. Ndo maana mimi nasema nunueni vijiti na msage wenyewe mkiweza, kijiti ni kigumu kukichakachua kuliko unga.

Na jamani unga mkavu msiwape watoto waulambe wala kushindana kuumeza, ulishawahi kuwa mchezo kwenye mitandao na wapo waliopaliwa ukaingia kwenye mapafu wakalazwa. Mate hayatoshi kuulowesha.

Mhariri, sikuandika haya ili mfute ukurasa wa afya, ukurasa huo unatusaidia wengi na kuna makala zenu za presha nimezikata nimezitunza. Naomba vitu vinavyowezekana. Mkirudi kwenye mdalasini, na nadhani inabidi mrudi, andikeni aina, mseme kuna Ceylon na kuna kasia na mchapishe picha ya vijiti viwili pembeni kwa pembeni, picha moja tu kila mtu ataelewa. Andikeni kiasi kwa gramu na kwa kijiko cha chai flati, na mseme kwa kasia mtu mzima asivuke hizo gramu 2 kwa siku kama anatumia kila siku. Toeni asali kwenye maelekezo ya kupunguza uzito. Wekeni juu kabisa, sio chini kwa herufi ndogo, kwamba hakuna anayeruhusiwa kupunguza dawa ya kisukari kwa ajili ya kiungo cha jikoni. Na mumpe nafasi mtaalamu wa lishe aeleze hilo la kubadilisha sukari kwa harufu na ladha, kijiko nusu nusu.

Najua kichwa cha habari hakitakuwa na kitambi kinachoyeyuka na pengine wanaobofya watapungua. Lakini wale waliopiga picha ile makala ya kwanza wakairusha, naamini wataipiga picha na hii, mimi mwenyewe nitairusha kwenye kila grupu nililomo, nikianza na lile la familia yetu ambalo dada yupo. Nasubiri kuiona.

Msomaji wenu wa ukurasa wa afya